Nywele za Gwiza

Ile jumatatu muzee Ntawukuriryayo alikuwa amekaa ku mucanga, pale pirogi za kuvua sambaza, samaki ndogo za ziwa, zinalalaga muchana, anashona wavu. Mukono moja unashika sindano ya muti, kidole kikubwa cha mguu kinavuta wavu ikae sawa. Njo kazi ilimubakilia. Zamani alikuwa anaingia ku ziwa na wenzake, pirogi tatu zimefungwa pamoja na miti mirefu, wanaume wanaimba, lakini goti ya kushoto ilikataa, na mutu wa goti ya kukataa hawezi kusimama ku pirogi, atawaangukia wenzake. Donc alibaki ku inchi kavu. Wavu zinakuja kwake zimepasuka, zinarudi zimepona.

Saa ine ya asubui akainua macho, akaona Gwiza anashuka njia ya Nengo na mufuko wa makaye, daftari zake za masomo, ku bega.

Saa ine! Masomo inatokaga saa sita. Muzee akaweka sindano chini.

Gwiza alikuwa mutoto wa binti yake Donatha. Miaka kumi na moja, mwaka wa tano, mutoto wa maneno kidogo lakini akisema amesema. Asubui alitoka nyumbani na kitambaa ya bluu ku kichwa, kama siku zote. Sasa kitambaa ilikuwa mu mukono. Na mu katikati ya nywele yake, ile nywele nyingi, nyeusi, ilikuwa na njia imekatwa, kutoka ku paji ya uso mupaka nyuma, sawa mutu amepitisha jembe mu majani.

"Gwiza. Nini hii?"

"Direkteri."

"Direkteri amefanya nini?"

"Alileta makasi. Akapitisha hapa. Njo nikamuuma."

"Ulimuuma direkteri?"

"Ku mukono, sogokuru. Hapa chini ya kidole."

Sogokuru, maana yake babu, njo vile alikuwa anamuita. Muzee aliangalia ziwa kidogo, juu alisikia kicheko inapanda na haikuwa siku ya kucheka.

"Damu ilitoka?"

"Kidogo."

"Mana yanjye," muzee akasema. Mungu wangu. "Halafu?"

"Halafu akasema nirudi nyumbani. Nisirudi tena mupaka nimenyoa kichwa yote." Akakaa kando yake, akavuta magoti. "Na mi sinyoi. Wewe mwenyewe ulisema."

Ni kweli. Yeye mwenyewe alisema.

Inafaa kueleza hii mambo polepole. Huku kwetu mutoto wa masomo ananyoa kichwa, kijana, binti, wote sawa. Jumatatu wanapanga milolongo mbele ya bendera, mwalimu anapita, anaangalia kucha, masikio, kichwa. Kila mutu anajua. Lakini Gwiza alisomea kwanza kule juu Nyakiriba, chini ya hema ya plastiki, watoto wanakalia mawe, siku moja kuna masomo, siku tatu hakuna, juu ya vita ya kule ku milima. Nani angeangalia nywele? Halafu amani ikarudi, mwaka huu wa tisini na tisa wakashuka huku ku ziwa, na Gwiza akapata kiti ya kweli mu darasa ya kweli, iko na dirisha na mulango. Mwalimu wake alimuachilia na kitambaa yake mwezi muzima. Direkteri, mukubwa wa masomo, alikuwa mupya. Direkteri hakuachilia.

Na nywele yenyewe ilianza hivi. Mwezi wa kumi na moja, mwaka wa tisini na sita, watu walikuwa wanarudi kutoka kambi za upande wa Goma. Barabara yote ilikuwa watu, magodoro, masufuria, mbuzi, watoto ku mugongo, hauoni mwisho wala mwanzo. Muzee alikuwa na Gwiza, Donatha alikuwa na mudogo wa Gwiza, Jado, miaka ine. Mukono ya Jado ikateleza. Njo hivyo tu. Mutoto alikuwa hapa, na hakuwa hapa tena. Donatha akasema, "Baba, shika huyu. Mutangulie, mi nafuata." Akageuka, akaanza kupasua watu na viwiko, wote wanakuja huku, yeye peke yake anaenda kule. Gwiza aliona kitenge ya mama yake, ya manjano, inapotea.

Wakangoja ku kando ya barabara siku mbili. Askari wakasema, muzee, tembea.

Kule Nyakiriba, majirani walianza kuja kukaa na yeye, wanawake wananyamaza, wanaume wanaangalia chini, vile watu wanakaaga mu ikiriyo, mu kilio ya mutu amekufa. Muzee akawafukuza na fimbo. "Hakuna mutu amekufa hapa! Mwende muka­lime!" Maana ikiriyo iko na siku yake ya mwisho, na ile siku watu wa nyumba wananyoa vichwa, wananawa, halafu wanarudi ku jembe. Ukinyoa, umemaliza. Umesema, basi, ameenda. Na wakati jirani moja wa roho muzuri alileta wembe anyoe Gwiza, juu kichwa ilikuwa imejaa chawa za kambi, muzee akakamata mutoto sawa watu wanataka kumuiba.

"Hii kichwa itanyolewa na mama yake. Mi pia sinyoi. Wote wawili, tunangoja."

Chawa alizitoa na vidole, moja moja, wiki nzima, na macho yake ile mabaya.

Tangu ile siku wakaotesha nywele, yeye na mutoto. Na kila jioni ku mukeka kulikuwa sahani tatu, moja ya Donatha.

Lakini kuna kitu muzee aliijua, na Gwiza hakuijua.

Mwaka wa tisini na saba, mwezi wa saba, mwanamuke moja alitoka mu musitu ya Kongo, miguu imevimba, jina yake Verediane. Leo anauza sambaza kavu ku soko ya Mahoko, kila mutu anamujua kwa kicheko yake, lakini ile siku hakucheka. Alitafuta muzee mupaka akamupata. Akamuambia, Donatha alimupata Jado. Wakatembea, wakatembea, hakukuwa tena njia ya kurudi. Jado akashikwa na homa, akaenda kwanza. Donatha akamufuata wiki mbili nyuma. Verediane mwenyewe alimufunika na majani, kando ya muto, juu hakukuwa jembe. Halafu akafungua fundo ku kitenge yake, akatoa wembe imefungwa mu karatasi. Ile wembe Donatha alikuwa ananyoa nayo watoto wake.

Muzee akapokea. Akasema asante. Akasema, "Usimuambie mutoto. Mi nitamuambia."

Akaficha wembe mu kopo ya sindano zake za wavu. Akasema, nitamuambia jumapili. Jumapili Gwiza alikuwa na malaria. Akasema, nitamuambia akipona. Akapona, akawa anacheka, na nani anakata kicheko ya mutoto? Sasa ilikuwa imepita miaka mbili na zaidi, na kila jioni sahani tatu.

Kesho yake, siku ya pili, muzee alivaa koti yake na akapanda ku masomo kuomba musamaha. Ku njia kuna Jack kinyozi, na mashini yake ya kunyoa imefungwa ku batri ya gari, na radio inapiga kelele.

"Muzee wangu!" Jack akaita, kama kila siku. "Leta hiyo musitu nikate kuni!"

"Batri yako itakufa mbele haijafika nusu!" muzee akajibu, kama kila siku. Lakini hakusimama.

Direkteri, jina yake Karekezi, alikuwa mutu murefu, alikulia Uganda, Kiswahili yake fupi fupi. Mukono ilikuwa na bandeji nyeupe. Muzee aliangalia ile bandeji, akavua kofia. Alipovua kofia, nywele ikasimama, na direkteri naye akaangalia.

"Aa," Karekezi akasema. "Kumbe ni ya familia."

"Nimekuja kuomba musamaha, direkteri. Mutoto hana tabia ya kuuma."

"Mimi niko na alama, mzee."

"Naona. Alikosa. Mi pia nimekosa. Lakini umurudishe mu darasa, nakuomba. Hajui kitu ingine anapenda. Ananisomea hata karatasi za kufungia sabuni."

Karekezi hakuwa mutu mubaya. Alivuta kiti, akamukalisha muzee. "Sikia. Mwaka jana, kule nilikuwa, chawa zilileta homa, nikazika watoto wawili. Hiyo ni moja. Ya pili." Akaonyesha uwanja, watoto wanakimbia, vichwa vyote vinaangaza. "Angalia. Nani ametoka Kongo? Nani ametoka Uganda? Nani mama yake yuko, nani hana? Haujui. Vichwa vyote sawa. Nikiacha mumoja, kesho wataanza kuulizana. Mi sitaki waulizane."

Muzee akaangalia uwanja. Ni kweli, hakujua.

"Ijumaa saa sita natuma liste ya wanafunzi kwa komini, ofisi ya serikali," Karekezi akasema. "Kuna watoto mia wanangoja kiti. Gwiza akikuja amenyoa mbele ya ijumaa saa sita, mambo ya meno nasahau. Asipokuja, nafuta jina, kiti inapewa mwingine. Sina njia ingine, mzee."

Ku mulango wa masomo muzee alisikia viatu nyuma yake. Alikuwa mwalimu wa Gwiza, Kabatesi, mwanamuke kijana, amerudi kutoka Tanzania, anasema Kiswahili kile kinyoofu ya kule, sawa ya radio.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Ndiyo, mwalimu," muzee akasema, juu hakujuaga vile wanajibu ile.

"Leo asubuhi nimeita majina, watoto sabini na wawili, nilipofika kwa Gwiza nikanyamaza kidogo, halafu nikaendelea. Wenzake waliangalia kile kiti. Nimemwomba mkuu mara mbili, amekataa. Mzee, samahani, mama yake yuko wapi?"

"Anakuja," muzee akasema.

Kabatesi akaangalia mikono yake. Alikuwa na vumbi ya chaki ku vidole, akaipangusa ku sketi.

"Baba yangu, kule Karagwe, alimsubiri kaka yake miaka thelathini. Kulikuwa na kiti mlangoni, hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Baba alipokufa, tukagundua kuna barua ndani ya shati lake. Alikuwa anajua tangu zamani." Akamuangalia muzee ku macho. "Sisi watoto tulikaa chini miaka yote ile, mzee. Chini, na kiti kipo."

Muzee akaweka kofia. Akasema kwaheri. Njia ya kushuka ilikuwa murefu kupita ya kupanda.

Siku ya tatu hakusema kitu. Siku ya ine asubui alimukuta Gwiza amekaa ku mucanga, amefungua kaye ya hesabu, anajiuliza mwenyewe na sauti ya mwalimu, anajijibu na sauti yake. "Gwiza! Saba mara nane?" "Hamusini na sita, mwalimu." "Vizuri, kaa chini." Na alikuwa anasimama kweli, na anakaa kweli, peke yake, mbele ya pirogi.

Njo hapo muzee aliona haiwezekani tena.

"Gwiza, leta ile kopo ya sindano."

Akaleta. Muzee akaimwanga yote ku mucanga, sindano za muti, kamba, vipande vya risasi vya kuzamisha wavu. Mu chini kabisa, karatasi. Akaisukuma mbele ya Gwiza. Gwiza akaifungua. Ndani wembe ilikuwa imekula kutu, nyekundu, sawa kitu imetoka mu udongo.

Mutoto aliijua mara moja. Donatha alikuwa amevunja kona moja ya ile wembe, atofautishe na ya majirani.

"Ni ya mama."

"Ndiyo."

"Alikuja?"

"Hapana, mutoto wangu. Verediane njo aliileta."

Akamuambia yote. Jado, homa, muto, majani. Hakuficha kitu, na hakujua namna ya kuifanya ikuwe laini, aliimwanga tu sawa sindano. Gwiza alikuwa anasikia na macho ku wembe.

"Ni lini?" akauliza.

"Alikufa mwaka wa tisini na saba. Mu mwezi wa tatu."

"Hapana. Verediane alikuja lini?"

Muzee akaokota sindano moja ku mucanga. Halafu akasema. Mwezi wa saba, ile ile mwaka.

Gwiza alianza kuhesabu. Midomo inatembea. Alikuwa mutoto wa hesabu, hakuna namna ya kumuzuia.

"Sogokuru, kila jioni nilikuwa naosha sahani yake," akasema. "Haikuwa chafu, na nilikuwa naiosha."

"Nisamehe."

"Na we ulikuwa unaniangalia naiosha."

Muzee alinyoosha mukono. Akasema, lete kichwa, nitakunyoa mimi, kesho urudi mu darasa. Gwiza akasimama, akarudi nyuma hatua moja.

"Si wewe," akasema.

Akaenda. Muzee alimuona anapanda njia na wembe mu ngumi, akataka kumufuata, goti ikakataa. Ile siku hakushona kitu. Wavuvi walikuja kuchukua wavu, wakaikuta na matundu yake, wakamuangalia, wakaibeba vile vile.

Gwiza alitembea mupaka Mahoko, na jua yote. Akamukuta Verediane nyuma ya beseni za sambaza, anaita wateja na ile kicheko yake. Verediane alipoona mutoto, halafu akaona kitu iko mu mukono wa mutoto, kicheko ikakatika. Hakuuliza. Akafunika beseni na kitambaa, mu katikati ya soko, saa ya kuuza.

"Mikono yako njo ilimufunika," Gwiza akasema. "Ninyoe we."

"Na hii? Hii haikati tena, mutoto wangu. Itakukwaruza."

"Nunua ingine. Hii naishika tu."

Wakakaa nyuma ya soko, ku gunia tupu, Verediane na wembe mupya na maji mu kopo, Gwiza na ile ya kutu mu kiganja. Nywele ya miaka mitatu ilianguka kidogo kidogo. Ilipofika ku ile njia ya direkteri, Verediane akapita bila kusimama. Watu wa soko walijua, sijui namna gani, lakini walijua. Mama moja wa viazi akaja akakaa chini, ananyamaza. Halafu mwingine. Halafu wane. Hakuna mutu aliwafukuza.

Njo ikawa ikiriyo ya Donatha na Jado, nyuma ya soko ya Mahoko, na harufu ya samaki.

Ijumaa, Gwiza aliingia mu darasa mbele ya kengele. Kabatesi aliita majina. Alipofika kwa Gwiza, sauti ikajibu, "Niko," na mwalimu akainama sawa anatafuta kalamu chini ya meza. Direkteri alipita ku dirisha, akaangalia vile vichwa vyote, sabini na mbili, na hakuweza kusema mara moja ni ipi ilimuuma. Saa sita liste ikaenda kwa komini na jina yake ndani.

Nyumbani hakumusemesha muzee. Alikula amemupa mugongo, akalala amemupa mugongo. Muzee hakulalamika. Alikuwa na kichwa yake ile yote peke yake sasa, musitu ya mutu mumoja, na hakuenda kwa Jack, juu alisikia kwamba hiyo pia haikuwa ya kuamua yeye.

Siku ya posho, kesho ya ijumaa, jua imetoka vizuri, Gwiza alikuja ku mucanga na kopo ya maji na ile wembe mupya.

"Kaa chini."

Akakaa.

"Usiinamishe."

Hakuinamisha. Mutoto hakujua kunyoa, alikuwa anavuta, anakata, na mara mbili damu ilishuka ku sikio. Muzee hata hakusema ayi. Nywele nyeupe ilikuwa inaanguka ku wavu, inabebwa na upepo ku maji. Wakafika nusu ya kichwa, mukono ya Gwiza ikasimama.

"Mama alisema kitu juu yangu?"

"Aliuliza kama ulifika nyumbani."

"Verediane alimujibu nini?"

"Alimuambia, amefika. Hakujua. Lakini alimuambia."

Mukono ilibaki pale, wembe juu ya kichwa. Muzee alisikia kitu ya moto inamuangukia ku shingo, halafu ingine. Hakugeuka. Nyuma ya muda murefu, wembe ikaanza tena kutembea, sasa polepole.

Mangaribi muzee alipopita kwa Jack, anaenda kurudisha wavu kwa wavuvi, Jack alifungua kinywa. Akaona ile kichwa uchi, na vidonda vyake. Akafunga kinywa, akazima radio, akasimama mupaka muzee akapita.

Gwiza alikuwa ametandika mukeka. Aliweka sahani ya muzee, akaweka yake. Ya tatu akaishika mu mikono miwili, muda kidogo. Halafu akaigeuza kifudifudi pale ku kona ya nyumba, pahali mvua inaingilia, na juu yake akapanga makaye yake, ya hesabu chini, zingine juu, zisilowane.

"Kula, sogokuru," akasema. "Inapoa."